Taya la Plasta

Safari yenyewe ilikuwa fupi. Kwenda kwa tabibu wa meno kabla hajafunga, kutolewa kile chuma, kurudi. Basi. Alimfunga mtoto mgongoni, akajitanda mtandio mpaka shingoni watu wasione vipele, akatokea mlango wa uani kwa sababu mlango wa mbele ulikuwa umekaliwa na mama mkwe wake.

"Unakwenda wapi na giza linaingia?" Sauti ikamkuta hukohuko uani.

"Dukani, Mama."

"Mwache mtoto."

Alijifanya hakusikia. Akapita kwenye uchochoro, nguo za watu zikimgonga usoni kwenye kamba, moyo ukimwenda mbio kama wa mwizi, na taya likimvuta. Halikumuuma. Lilimvuta, kama kuna mtu amelishika kwa ndani.

Gego lake lilioza akiwa mjamzito, likang'olewa. Na mama mkwe, ambaye tangu harusi hakuwahi kumpa hata sindano, ghafla akasema atampeleka kwa tabibu wake yeye, akawekewe jino jipya. Tena si lile la kuvaa na kuvua. La kudumu: skrubu ya chuma inazamishwa kwenye mfupa wa taya, kisha juu yake inavishwa kofia ya jino. Majirani wakasema ana bahati ya mtende, mkwe gani siku hizi anajali meno ya mke wa mwanawe? Naye akacheka nao. Akaachama, akawekewa.

Kwanza ikaja ladha. Akiamka asubuhi, mdomo kama umelala na funguo. Kisha fizi zikavimba, kisha vipele, shingoni, kifuani, vikiwasha mpaka anajikuna kwa kitana. Halafu mtoto. Mtoto wao waliyemwita Kibonge kwa mashavu yake, aliyekuwa ananyonya kama ana ugomvi na ziwa, akaanza kuligeuzia uso. Akisogezewa analia, anajinyonga, anasukuma kwa ngumi. Akipewa bibi yake, kimya. Jina likabaki Kibonge, unene ukaenda zake.

Hayo yote angeyavumilia. Lakini yakaja maneno.

Mumewe alikuwa anafanya kazi mji wa mbali, amepata nyumba, anataka kuja kumchukua yeye na mtoto. Mama yake hakutaka kusikia. Mke aende, mtoto abaki. Wakavutana kwenye simu hadi mume akachoka, akasema, "Mimi siingii katikati ya wanawake wawili. Nikifika nitamuuliza mama mtoto mwenyewe, mbele yenu. Atakalosema kwa mdomo wake ndilo hilo." Mkewe akaichukua simu amwambie palepale, mtoto haachwi.

Mdomo wake ukasema, "Mtoto abaki kwa bibi yake. Huko kuna baridi."

Kwa sauti yake. Taratibu kabisa.

Alibaki ameishika simu sikioni hata baada ya mumewe kukata. Na mama mkwe, kule jikoni, alikuwa anapepeta mchele huku midomo inamchezacheza.

Mume anafika jioni hii. Kwa hiyo chuma kitoke jioni hii.

Tabibu watu walimwita Koleo, ingawa si mbele yake. Alikuwa ananawa mikono tayari kuondoka.

"Tumefunga."

"Tafadhali, daktari. Angalia shingo yangu."

Akaangalia, akaguna. "Mzio huo. Chuma na mwili ni kama wake wenza, kuna wanaopatana na kuna wanaorushiana vyombo. Wako wanarushiana vyombo. Nitakupa dawa ya kupaka."

"Sitaki ya kupaka. Kitoe."

"Skrubu si kifungo cha shati, mama."

"Kitoe, daktari. Mwanangu hanyonyi."

Labda ni mtoto aliyemlainisha. Akaita kuelekea chumba cha nyuma, akatoka fundi wa meno, mwanamke mnene mcheshi aliyetapakaa vumbi jeupe la plasta mpaka kwenye nyusi, akampokea Kibonge. Mama yake akapanda kwenye kiti. Taa ikawashwa usoni.

"Achama."

Hakuachama.

"Mama, achama."

Alitaka. Mungu anajua alitaka. Lakini taya lilijifunga, meno yakaumana, yakazidi kuumana, hadi akasikia kitu kikisaga ndani ya masikio yake mwenyewe. Koleo akaingiza kijiti cha bapa pembeni mwa shavu, akakaza. Kijiti kikavunjika.

"Usinichezee. Umekuja mwenyewe, sikukuita." Akageuka kwa fundi. "Lete plasta ya kinywa chake nione anavyoumanisha meno."

"Plasta yake haipo."

"Haipo vipi?"

"Si mama yake alikuja kuichukua?" Fundi alikuwa anambembeleza mtoto, hana habari. "Rafu yangu imejaa vinywa vya watu, daktari, unaijua. Jino likishakaa sawa huwa nawapa wenyewe. Wengine wanaweka kabatini kama pambo, wengine watoto wanachezea. Huyu alikuja akasema yeye ndiye mama, nikampa. Aliifunga kwenye kitambaa kama anabeba yai."

Aliyelala kwenye kiti akakumbuka siku ile: ule uji wa waridi aliojazwa mdomoni, ukaganda, ukavutwa kwa nguvu. Kumbe ndani yake ndiko walikomimina plasta, ikatoka sura ya kinywa chake. Kila pengo. Kila jino lililopinda. Kama kivuli chake, lakini kinachoshikika.

Mama yake mzazi alifariki yeye akiwa bado sekondari.

Alitaka kuwaambia. Midomo ikafunguka.

"Rudi nyumbani," mdomo wake ukasema. "Mtoto ana njaa."

Fundi akacheka. "Haya, kumbe unaweza."

Koleo hakucheka. Alikuwa ameinama karibu, kidole chake bado kiko chini ya kidevu cha mgonjwa, kooni kabisa, na koo halikutikisika hata kidogo sauti ilipotoka. Akakiondoa polepole. Akavua glavu.

"Nenda, mama," akanong'ona. "Tafadhali. Na usirudi hapa."

Alipotoka na mtoto mgongoni, mlango ukafungwa nyuma yake, na komeo likapigwa.

Njia nzima taya lilivuma. Mtu akivuma wimbo chumba cha pili unausikia ukutani, ndivyo alivyousikia ule mvumo kwenye mfupa, na wimbo aliujua, ndio ule wa mama mkwe wa kumlaza Kibonge. Akaongeza mwendo. Mvumo ukaongezeka nao.

Nyumbani viatu vya mumewe vilikuwa mlangoni. Maji yalikuwa yanamwagika bafuni. Jikoni kifuniko cha sufuria kiligongagonga.

Hakufikiri. Kama angefikiri asingeingia. Alipita moja kwa moja hadi chumba cha mama mkwe, ambacho mkwe haingii bila kuitwa, akafungua.

Harufu ikamlaki. Maziwa yaliyochacha.

Juu ya kigoda, upande wa kichwa cha kitanda, mahali mtu anapoweka taa au maji ya kunywa... palikuwa na taya. Jeupe, dogo, limechongoka mbele kama lake. Lilikuwa limelowa. Maziwa yalikuwa yamewekwa katikati, pale panapolala ulimi, yameganda yamekuwa ya njano. Na pale penye gego, hapo hasa penye skrubu yake, palipigiliwa msumari. Msumari mkuukuu, wa kutu, umepinda kichwa.

Akaushika, akalichukua taya lote.

Ladha ikamjaa mdomoni.

"Rudisha hapo."

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Alinong'ona, kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto.

"Mama, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Una mdomo tu. Nilizaa, nikazika, nikabakiwa na mmoja. Ulimwondoa kwangu kwa mdomo huohuo. Leo hata simu yake siipati mpaka wewe umalize." Akatabasamu kidogo. "Baba yake huyo mtoto nimempoteza, sawa. Huyu simpotezi."

"Ni mwanangu."

"Basi mwambie mumeo. Si una mdomo?"

Akapeleka vidole midomoni mwake yeye, akaibana pamoja taratibu. Na midomo ya mkwewe ikabanana.

Maji bafuni yakanyamaza.

"Mama Kibonge? Umerudi?" Mumewe alitokea kwenye korido, taulo begani, uso umemkunjuka kwa furaha. Furaha ikapungua alipowaona wote wawili kwenye chumba kile, mmoja na mwiko, mwingine ameficha mikono ndani ya mtandio. "Kuna nini? Mmeshaanza?"

"Hakuna ugomvi, baba," mama yake akasema. "Tulikuwa tunazungumza mambo ya mtoto. Mwulize tu sasa hivi yaishe, chakula kinapoa."

Mume akampita mama yake mlangoni, akaingia. "Haya. Mama Kibonge, niambie mbele ya mama. Mtoto anakwenda au anabaki?"

Nyuma ya bega lake, midomo ya mama mkwe ikaanza kucheza. Bila sauti.

Na huku taya likafunguka.

"Mtoto..." mdomo wake ukasema.

Akaung'ata ulimi. Damu ikaja, ya moto, na mdomo haukujali.

"Mtoto a... ana..."

Ulimi haukuwa wake. Midomo haikuwa yake. Meno hayakuwa yake. Mikono bado ilikuwa yake. Aliitoa kwenye mtandio, akalinyanyua lile taya juu ya kichwa, na ndipo mama mkwe akaona, na kwa mara ya kwanza akasahau kunong'ona.

"Utajiua wewe."

Akalibamiza kwenye saruji.

Mlio ulikuwa mdogo, kama wa kikombe.

Uliotoka kichwani mwake ulikuwa mkubwa.

Alianguka magotini. Kitu kikamjaa kinywani, kigumu, kingi, kama kokoto, akakitema kiganjani na kuangalia. Meno yake ya chini. Yote ya mbele, na kando, na moja refu la kijivu lenye mizingo ya skrubu. Kibonge mgongoni akalia. Mumewe alikuwa anapiga kelele, anamwita Mungu, anamwita mama yake, anamshika kichwa asijue ashike wapi.

"Anakwenda," akasema. Damu ikamtoka na neno. Lilitoka limepondeka, lakini lilikuwa lake. "Anakwenda na mimi."

Mumewe alisikia.

Na mama mkwe hakulia wala hakumlaani. Aliinama tu, akakunja upande wa gauni lake, akaanza kuokota vipande vya plasta kimoja kimoja, mpaka vile vidogo, kama mtu anayeokota mchele.

Hospitali ya mji mpya walimweleza vizuri sana. Mwili wake ulikuwa umekikataa chuma. Si kawaida, lakini huwatokea watu wachache. Usaha hujificha chini, hula mfupa kimyakimya, meno ya jirani yanalegea, mtu hajui, mpaka siku moja anayasaga kwa hasira na yote yanaanguka. Vipele ni hivyohivyo. Ladha ni hivyohivyo. Daktari alichora hata picha. Habari ya plasta hakuulizwa, naye hakusema, mumewe naye alitazama dirishani.

Vipele vikakauka. Kibonge akarudi kwenye ziwa, ugomvi wake ukaanza upya, mashavu yakarudi. Mama yake akabaki na pengo na kithembe, watoto wa jirani wakamwigiza, na yeye akawaacha waigize, maana kila neno alilosema, hata likiwa limepinda, alijua ametaka kulisema.

Fizi zilipopona, akaenda kupimwa meno ya kuvaa. Fundi wa huko alikuwa mzee mpole. Alimjaza uji uleule wa waridi, chini, kisha juu, naye akavumilia huku ameng'ang'ania mikono ya kiti. Baadaye mzee akaweka mezani plasta zake mbili, akazifunganisha, akazifungua, akazifunganisha.

Kap.

"Mbona mbili?" akauliza.

"Juu na chini, binti yangu. Moja utaifanyia nini? Huwezi kujua mtu anaumaje bila kuzikutanisha."

"Kila mtu anatengenezewa mbili?"

"Kila mtu. Hakuna fundi anayetoa moja."

Alitembea kurudi nyumbani, akakumbuka kuwa aliivunja moja tu, ya chini, kisha akakimbia. Alimkuta mumewe anafagia chumba kidogo cha akiba. Godoro limeshasimamishwa ukutani.

"Mama anafika kesho," mumewe akasema, bila kugeuka. Sauti ilikuwa ya mtu aliyetuliwa mzigo. "Nakushukuru, mama Kibonge. Sikutegemea ungemsamehe mapema hivi."

"Nani kathema aje?"

Akageuka. Ufagio ukabaki hewani.

"Si wewe? Jana, ulipompigia. Nilikuwa nimekaa pembeni yako." Akajaribu kucheka. "Tena nilifurahi. Uliongea vizuri kabisa, hata kithembe hukuwa nacho."

Kibonge, aliyembeba tangu kwa fundi, alikuwa kifuani, ananyonya. Akaacha. Akainua macho, akaukazia mdomo wa mama yake, akaanza kujisukuma kwa ngumi.

Alitaka kusema hapana. Alitaka kusema asije, funga mlango, asije. Akalivuta lile neno kutoka chini kabisa ya tumbo lake, akalifikisha kooni, akalifikisha kwenye ulimi.

Mdomo wa juu ukanyanyuka wenyewe.

"Mtandikie shuka safi," ukasema.