Nilijificha Madimba, Bibi Akijua Niko Addis Ababa

Nina miaka ishirini na minne, mkazi wa Mikindani, nauza korosho za kukaanga. Shule niliishia darasa la saba. Wazazi wangu walitangulia mbele ya haki nikiwa mdogo, akanilea bibi mzaa mama. Ndugu msomaji, haya ninayoandika ningetamani yawe ya mtu mwingine... lakini ni yangu!

Tangu utotoni napenda milima. Kwetu kuna kilima tu nyuma ya mji, ukivuta pumzi mbili umefika juu. Basi niliposikia kuna mama anakusanya watu kwenda kutalii Addis Ababa siku nane, jiji lililo juu milimani, sikulala! Nikadunduliza misimu miwili, nikaandikishwa.

Yule mama, tuliyemwita Mama Msafara, alitupa orodha ya vya kufungasha: sweta, soksi nzito, mafuta ya midomo, tangawizi. Akasema kule hewa ni nyepesi, siku ya kwanza tutembee taratibu na kunywa maji mengi. Nikanunua sweta la mtumba, nikawa nalivaa saa sita mchana na kukipanda kile kilima mbio, eti nizoeshe mapafu! Vijana wa kijiweni wakawa wananipigia kelele: "Oya, Mhabeshi! Hiyo homa au wazimu?" Mimi nacheka, napanda.

Begi alinifungia bibi. Kila nguo aliikunja, akaifukiza udi.

"Mume wangu," akanitania, "ukirudi na mke mwenza wa Kihabeshi, mwambie maji yangu ya kuoga atachota yeye."

Kisha akaacha kucheka, akanishika mkono. "Ila urudi. Siku yangu ikifika, nataka uingie wewe kaburini unipokee. Mjomba wako mgongo wake mbovu."

Nikamwahidi huku nacheka. Nani anafikiria kaburi huku anafunga begi?

Jambo moja nililidharau... pasipoti! Mama Msafara aliniuliza mara tatu, nikamjibu nitakuwa nayo. Mwenzenu nimevuka Ruvuma pale Kilambo mara nyingi, kwenda harusi za ndugu upande wa Msumbiji. Unafika mpakani, unaandikiwa karatasi, unavuka. Nikajua na Ethiopia ni hivyohivyo!

Siku ya safari mtaa mzima ulinisomea dua. Wengine walilia. Tulipofika stendi ya Mtwara kupanda basi la Dar, Mama Msafara akapita anakagua pasipoti. Nikamwambia yangu nitachukua mpakani.

Basi zima likaangua kicheko! "Kijana wangu," akasema, "ndege inasimama mpaka gani?"

Nikashushwa na begi langu.

Nyumbani palikuwa karibu tu. Lakini ningepitaje na begi lile mbele ya kijiwe? Mbele ya watu walionililia? Nikakimbilia Madimba kwa rafiki yangu Athumani, mkulima wa mihogo. Nikamwomba anisitiri siku nane.

Chumba cha bati, joto kama tanuri. Dirisha sikulifungua, nisije nikaonekana na mtu wa kwetu. Bibi akapiga simu.

"Umevaa sweta, mume wangu?"

"Nimevaa, bibi. Baridi kali!" Jasho linanitiririka...

Jogoo wa Athumani akawika. "Kumbe na huko wana majogoo!" Akacheka, nami nikacheka.

Siku ya tano mjomba akapiga. Bibi ameanguka, hali si nzuri, analitaja jina langu. Nikajibu nini? "Ndege yetu ni Jumapili, mjomba."

Athumani alisikia, akanijia juu. "Una akili wewe? Bodaboda hiyo hapo nje, nenda!"

"Nitasema nimetokea wapi?"

"Sema umetokea kwangu!"

Nikakaa. Mlango haukuwa hata na kufuli, lakini miguu ilikataa. Nani alinifunga? Mimi mwenyewe!

Kesho yake alasiri mjomba akapiga tena. "Bibi yako ametutoka. Maiti haikawizwi, mwanangu, na wewe uko mbali. Tunampeleka makaburini sasa hivi. Mwombee hukohuko."

Nilipiga ukunga, nikatoka mbio, nikapanda bodaboda. Nilipofika Mikindani wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini, mikono ina udongo. Aliyeingia kaburini ni mjomba, na mgongo wake ule, huku watu wawili wamemshikilia asianguke...

"Umefikaje?" akaniuliza.

Nikapiga magoti mkekani, nikasema yote. Hakucheka mtu! Wale wa kijiweni walitazama chini. Ningetoa chochote mmoja wao acheke.

Mjomba akasema polepole, "Ungerudi siku ileile, bibi yako angekucheka mpaka machozi. Kisha angekupakulia wali."

Vijana wenzangu, safari ikikuvunjikia rudi nyumbani siku hiyohiyo, mchana kweupe, begi mkononi. Waache wacheke! Kicheko cha mtaa hakimalizi wiki. Mimi kila Ijumaa naenda kaburini kwa bibi, namsimulia ukweli wote kuanzia pale stendi... Nawasihi, msingoje kuusema ukweli wenu mahali ambapo hakuna tena wa kuwacheka.