Kibao Kilichogeuzwa

Mwaka wa elfu mbili na kumi na sita, mwanzoni mwa msimu wa mvua, mama mmoja aliyekuwa akisomea shahada ya uzamivu, ambayo ndiyo shahada ya juu kabisa chuoni, alikuwa akijilipia masomo yake mwenyewe. Aliomba ufadhili mara mbili, akanyimwa mara mbili. Hakukaa akalia. Asubuhi alifundisha kwa muda katika chuo cha ualimu. Mchana alisahihisha miswada ya watu katika duka la kuchapa. Na jioni za Jumatatu na Jumatano, saa moja kila siku, aliwafundisha hesabu watoto saba wa mtaani, sebuleni mwake, kwa ada ndogo. Utafiti wake mwenyewe, uliohusu maji ya visima, aliuandika alfajiri, kabla majogoo hawajawika.

Binti yake wa pekee alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Mtaa mzima ulimwita Kasuku, kwa kuwa alilolisikia asubuhi lilikuwa limefika dukani kabla ya adhuhuri. Kila siku ya darasa alifagia sebule na kutandika mikeka miwili. Langoni palining'inia kibao. Upande mmoja kiliandikwa, "Kuna darasa, karibuni"; upande wa pili, "Leo hakuna darasa." Mama alikigeuza siku alizoitwa na msimamizi wake chuoni.

Kasuku hakulipenda darasa lile hata chembe. Kila alipoleta daftari lake aliambiwa, "Subiri, mwanangu, wageni kwanza." Wageni walipoondoka, mama alikuwa amesinzia mezani, kalamu mkononi. Aliyemchoma zaidi ni Kidoti, binti wa seremala, msichana mwenye alama nyeusi shavuni na mzito wa hesabu. Mama aliketi naye mkekani bega kwa bega, akamrudia sehemu ile ile mara tano, na sauti yake haikupanda.

Jumatano moja Kidoti alipata jibu sahihi. Mama akacheka kicheko ambacho Kasuku hakuwa amekisikia tangu likizo. "Hongera, mwanangu," akasema, akampa penseli nyekundu iliyokuwa katika kikombe cha kalamu, ile ambayo Kasuku alikwisha kuiomba mara mbili.

Mwanangu. Kasuku alisimama mlangoni, ufagio mkononi.

Kidoti akampitia akitoka. "Tazama nilichopewa na mwalimu."

"Nimeona. Usiimeze tu," Kasuku akajibu.

Jumatatu iliyofuata, mama alipokuwa akipanga daftari zake, Kasuku alinyata hadi langoni akakigeuza kibao. Watoto walikuja mmoja mmoja katika manyunyu, wakasoma, wakarudi makwao. Baadaye akakirudisha kama kilivyokuwa. Jumatano akafanya vilevile.

"Mvua imewazuia," mama akasema. Kasuku akaikunja mikeka miwili, akairudisha pembeni.

Ijumaa seremala akaja mwenyewe, vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Karibu, fundi, uketi."

"Sikai, mwalimu. Nimelipa mwezi mzima, na mwanangu amerudishwa na kibao mara mbili. Wenzake sita wamehamia kwa mwalimu wa ng'ambo ya barabara. Mimi nimebaki kwa kuwa pesa yangu iko kwako."

"Fundi, kibao sikukigusa. Labda ni upepo."

"Upepo unaogeuza siku za darasa tu? Basi upepo huo umesoma, mwalimu. Umefika darasa la ngapi?"

Bibi, mama yake mama, alikuwa pembeni akishona kifungo. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema bila kumtazama mtu. Kasuku akauchukua ufagio, akaenda kufagia uani.

Jioni ile mama alifungua bahasha ya ada ya muhula, akahesabu, akaifunga. "Mwisho wa kulipa ni Ijumaa ijayo," akamwambia bibi. "Bila watoto hawa siifikii. Nitaandika barua ya kuahirisha masomo kwa mwaka mmoja."

Akaanza kuviondoa vitabu mezani, kimoja kimoja, akivipanga ndani ya katoni. Meza ilipobaki tupu, aliketi, akakipigapiga kiti cha pili kwa kiganja. "Haya, Kasuku wangu. Lete daftari. Leo hakuna wageni."

Hilo ndilo alilokuwa akilitamani, na sasa alilipata lote: mama, taa, meza nzima. Alifungua daftari, na tarakimu zote zikaogelea.

"Mama, si upepo."

"Unasemaje?"

"Kibao. Nilikigeuza mimi. Mara zote mbili."

Mama hakupaza sauti, na hilo lilimtisha Kasuku zaidi ya kofi. "Kwa nini?"

"Ulimwita Kidoti 'mwanangu'. Ukampa na penseli."

"Penseli nilikosea," mama akasema. "Na neno 'subiri' nimekulisha kupita kiasi. Hilo ni deni langu, nitalilipa. La kwako ni jingine, na hilo sitakulipia."

Bibi akaweka sindano chini. "Sikiliza, mjukuu wangu. Mwenye wivu hudhani anamwangusha jirani, kumbe anakata tawi alilolikalia mwenyewe. Ulitaka kumnyang'anya Kidoti mwalimu. Umemnyang'anya mama yako masomo. Yeye hakubebwa na mtu. Kila ukurasa alioandika umelipiwa kwa kazi yake, na mtu wa namna hiyo haibiwi hata saa moja. Dawa ya deni ni kulipa. Na ulichokula wewe si pesa, ni saa mbili za mtoto wa watu."

Kesho yake Kasuku alikwenda nyumba sita, akaungama maneno yale yale mara sita, mpaka kinywa kikamkauka. Wazazi wanne waliwarudisha watoto wao. Duka la kuchapa nalo likampa mama mswada mnene, akausahihisha kwa siku nne. Alhamisi asubuhi ada ikatimia, na vitabu vikarudi mezani.

Saa mbili za Kidoti mama hakuzifundisha. Aliketi na kazi yake, mgongo umewaelekea, akamwachia mdeni alipe.

Jumanne ya wiki ile ile, mkekani, Kidoti aliuliza, "Wewe ndiwe uliyenirudisha kwenye mvua?"

"Ndimi. Nisamehe. Nilikuonea wivu."

Kidoti akaizungusha penseli nyekundu vidoleni. "Mimi ndimi niliyekuonea wivu. Kila nikikosea, mwalimu husema, 'Kasuku wangu aliiweza hesabu hii akiwa na miaka minane.' Nilikuwa nikikuchukia kidogo."

"Kidogo tu?"

"Siku za darasa, sana."

Wakacheka. Kasuku akakunja karatasi mara tatu ili amwonyeshe theluthi. Alirudia mara moja, mara mbili, mara nne. Mara ya nne sauti yake ilitaka kupanda. Akaimeza, akautazama mgongo wa mama, akarudia mara ya tano.

Alhamisi, saa ya ukutani ilipogonga kumi na moja, Kidoti alifunga daftari. "Tumemaliza."

Kasuku akaitazama saa. Mwanzoni walikuwa wamepoteza robo saa wakigombania rula.

"Bado robo saa yako," akasema. "Fungua daftari."