Cherehani ya Mama, Jina la Bibi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kasuku alifagia vipande vya vitambaa chini ya cherehani ya mama yake. Jina hilo alipewa na watu wa mtaani kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Mama yake alikuwa fundi wa barazani, lakini sasa alikuwa amekodi chumba chenye dirisha, maana mwalimu mkuu alitaka kumpa kazi ya kushona sare za shule nzima. Sharti lilikuwa moja: biashara isajiliwe kwenye mamlaka ya kodi, na cheti kifike shuleni Jumatatu asubuhi. La sivyo, kazi ingekwenda kwa fundi mwingine.

Mshauri wao alikuwa kinyozi wa jirani, mtu aliyejua kila kitu isipokuwa kunyoa kisogo kikanyooka.

"Andikisheni jina la bibi yenu," alisema huku akipuliza nywele kwenye mashine yake. "Wazee hawatozwi kodi. Nani atamsumbua ajuza?"

Mama alisita. "Lakini anayeshona ni mimi."

"Mama, ni jina tu!" Kasuku alidakia. "Bibi atasema ndiyo, basi, yamekwisha."

Alijiona mjanja kweli. Mama alikuwa na kazi nyingi na hofu ya kodi ilikuwa imemwingia, akakubali. Jioni Kasuku akajaza maombi kwenye simu, akaandika jina la Bibi, mama yake Mama, aliyeishi nao. Ujumbe ukajibu kwamba mwombaji afike ofisini mwenyewe kuweka alama za vidole.

Ijumaa, masomo yalipokwisha, wote watatu walikaa kwenye benchi la ofisi ya kodi wakingoja namba yao iitwe.

"Bibi, ukiulizwa, sema ndiyo tu," Kasuku alinong'ona.

Dirishani walimkuta afisa mwanamke, miwani ikining'inia kifuani.

"Shikamoo, Bibi. Biashara ya ushonaji ni yako?"

"Marahaba. Ndiyo."

"Vizuri. Unashona nguo gani?"

"Ndiyo," akajibu Bibi.

Afisa akavaa miwani. "Nauliza, unashona nini?"

Bibi alimtazama Kasuku, kisha akacheka mwenyewe. "Mwanangu, mimi hata uzi siwezi kuutia sindanoni. Fundi ni huyu binti yangu. Niliambiwa niseme ndiyo, na ndiyo zangu zimekwisha."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mama aliinamisha uso. Kasuku naye aliona aibu, akajificha nyuma ya Bibi.

Afisa hakucheka. "Mama, kodi hutozwa biashara, haiangalii mvi. Na yako ni ndogo, itatozwa kulingana na inachopata. Sasa nisikilize. Tukiandika hivi, wewe utashona, lakini malipo ya shule yataingia kwa jina la Bibi. Na siku Mungu akimchukua, biashara itakuwa urithi. Una ndugu?"

"Wanne," Mama alijibu polepole.

"Basi mtagawana. Vitambaa, meza, na cherehani yenyewe."

Mama alimkumbuka kaka yake mkubwa, aliyeuza hadi baiskeli ya marehemu baba yao kabla matanga hayajaisha.

"Futa, tafadhali," alisema. "Andika jina langu."

"Lete kitambulisho chako. Upesi, tunakaribia kufunga."

Kitambulisho kilikuwa nyumbani. Siku hiyo walikuwa wamebeba cha Bibi tu.

Kasuku hakungoja kutumwa. Alitoka mbio, akakatiza nyuma ya soko, akakichukua na kurudi akihema. Alimkuta mlinzi akivuta lango.

"Tumefunga, mtoto."

Angeweza kubuni visa kumi pale pale. Hakubuni hata kimoja. "Shikamoo, mzee. Niliandika uongo kwenye maombi ya mama yangu. Yuko ndani, ananingoja nirekebishe."

Mlinzi alimwangalia, akasogea kando.

Mama aliweka vidole, na cheti kikatoka mashineni kikiwa na joto. Alisoma jina lake mara nyingi, midomo ikitembea. Kwa miaka yote aliyoshona, jina hilo halikuwahi kuandikwa popote juu ya kazi yake. Furaha ikamtoa machozi mbele za watu, wala hakujali.

Jumatatu mwalimu mkuu alipokea cheti, na mchana robota la kitambaa cha sare likashushwa kwenye chumba kipya.

"Nisamehe, Mama," Kasuku alisema. "Mimi ndiye niliyekushawishi."

"Na mimi ni mtu mzima, nikakubali," Mama alijibu akipima kitambaa. "Tumekosea sote. Ila lishike hili mpaka ukue, mwanangu: ukiazima jina la mtu ili ukwepe wajibu wako, umempa na haki yako."