Kikohozi cha Baba Mkwe

Ilikuwa Jumamosi ya kawaida, mwezi wa pili. Nilinunua mkate na sukari pale Bagamoyo ninapokaa, hii yetu ya Rungwe, siyo ile ya pwani, nikapanda bodaboda kwenda Matwebe kumsalimia baba. Migomba imeshiba mvua, watu wanarudi shamba na matenga yao ya parachichi. Mdogo wangu Gwakisa alinipokea uwanjani simu mkononi, anacheka peke yake.

"Dada, nimemweza wifi yako," akasema. "Nimemfunga simu."

Wifi yangu ni Aika, binti wa Machame, alikuja Rungwe kuuza dawa dukani akaolewa na huyu mdogo wangu, mwalimu. Mimba mbili zilikuwa zimemharibikia. Hii ya tatu ilikuwa na miezi mitano. Daktari alimwambia aache kazi na apumzike, basi akawa anashinda ndani peke yake, mvua inanyesha, na simu ndiyo mwenzake. TikTok, magrupu, mama yake kule Machame. Ni kweli alizidisha. Wiki ile aliunguza maharage mara mbili akasahau na siku ya kliniki. Hilo la kliniki lilinikera hata mimi, maana mimi ni muuguzi na mimba ile nilikuwa naihesabia siku.

Lakini sikilizeni alivyomfunga. Kuna programu ya mzazi kusimamia simu ya mtoto. Gwakisa alimsajili mke wake kama mtoto wa miaka kumi na miwili. Mwanamke mzima, ana cheti chake, miaka kumi na miwili. Saa moja kwa siku, ikiisha kioo kinakuwa cheusi. Akitaka zaidi anabonyeza kuomba, na ombi linakwenda kwenye simu ya msimamizi, anayekubali au kukataa.

"Na msimamizi ni wewe?" nikamuuliza.

"Mimi atanibembeleza, nitafungua. Nimemweka baba."

Alijiona ana akili sana. Kwetu Wanyakyusa mke hakutani na baba mkwe wake. Hawatazamani, hawasemeshani, hawapiti njia moja. Vijana wengi wameacha, baba yetu hakuacha. Kila akija upande wa nyumba ya Gwakisa alikohoa mara mbili akiwa bado mbali migombani, ili Aika aingie chumbani ajifunike kanga. Aika hakulazimishwa na mtu. Aliishika desturi kwa adabu yake, na baada ya zile mimba mbili akaishika kwa hofu, kwa sababu wanawake wa kijijini walimnong'oneza kwamba mkwe na mkwe wakitazamana, mtoto hakai. Sasa mumewe anachukua funguo za simu anampa mtu pekee duniani ambaye mke hawezi kumfuata kumwomba. Alijisifia mpaka ofisini kwa walimu wenzake. Nilimwambia ni mpumbavu. Akasema nina wivu wa kishangazi.

Mwezi wa tatu baba aliniita pembeni. Mzee Ambindwile hakuwa mtu wa kulalamika. Siku hiyo alilalamika.

"Tusajigwe, mwanangu. Hii simu ikilia, mkwe wangu anatokea."

Akanionyesha. Ombi la Aika lilikuja na picha yake, ile aliyojipiga mwenyewe, kichwa wazi, anatabasamu, macho yameelekea kwako moja kwa moja. Ilijaa kioo kizima. Chini yake vitufe viwili, kukubali na kukataa. Baba alikuwa ameifunga simu kwa leso, anabonyeza kwa kukisia, anatazama pembeni.

"Ananitazama machoni," akanong'ona. "Mara tatu, mara nne kwa siku. Na ana mimba. Mwambie mdogo wako aitoe hiyo sura. Mimi nikimwambia ananicheka."

Nilimpigia Gwakisa siku hiyohiyo. "Nitaitoa Jumamosi," akajibu kwa mkato. Jumamosi alikwenda kuangalia mpira. Jumamosi iliyofuata vilevile. Ni kazi ya dakika mbili, kuondoa picha. Nami ningeweza kumshika mkono fundi wa simu nikaenda naye Matwebe. Sikwenda, nilisema ni jukumu lake. Hilo nalo linaniuma.

Baba alifariki mwisho wa mwezi, mchana, amekaa kwenye kiti chake barazani. Simu ilikuwa mapajani, leso imeanguka chini. Tulimzika nyuma ya nyumba, kwenye migomba yake. Simu yake niliizima kwa mkono wangu, nikaifungia kwenye droo yangu Bagamoyo. Namba ya siri aliijua yeye peke yake.

"Ndiyo vizuri," Gwakisa akasema msibani, mbele za watu. "Sasa hakuna wa kumwongezea."

Nilikwenda kuosha masufuria nisije nikamzaba kibao mbele ya wafiwa.

Wiki ya tatu baada ya mazishi Aika alinipigia saa tisa alasiri. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Wifi, umeiwasha simu ya baba?"

"Hapana. Imezimwa, iko kwenye droo. Kwa nini?"

"Nimeongezewa nusu saa. Na sikuomba."

Nikafungua droo nikiwa bado nazungumza naye. Simu ilikuwa pale, imekufa, chaji hakuna. Nikamwambia labda ni mtandao.

"Kabla haijafunguka nilisikia mtu anakohoa. Mara mbili. Kule migombani."

Nilimwambia asiwaze sana. Muuguzi mzima, namwambia mjamzito asiwaze sana.

Alipiga tena siku ya tatu. Kikohozi kilikuwa kimesogea, kilitoka kwenye ua, karibu na kamba ya nguo. Nusu saa nyingine. Aika alikuwa ameacha kabisa kuigusa simu yake, kwangu alipiga kwa ya jirani. Aliizima akaitumbukiza kwenye debe la unga. Saa tisa ilipofika mwanga ukatokea kwenye upenyo wa mfuniko. Siku iliyofuata kikohozi kilitoka barazani. Siku nyingine, sebuleni.

"Umemwambia mumeo?" nikamuuliza alipopiga siku hiyo.

"Anasema ni mambo ya mimba." Nilimsikia anavuta kamasi. "Wifi, kila akikohoa mimi naingia chumbani, kama zamani. Lakini akiingia chumbani nitakwenda wapi? Mlango ni mmoja. Akinitazama, huyu mtoto ataondoka kama wale."

Hapo sikusubiri zamu iishe. Nilimwomba mwenzangu Winfrida anishikie, nikachukua begi langu, nikatafuta bodaboda. Mwezi wa tano ulikuwa ndiyo umeanza, na mimba ilikuwa ya miezi minane. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi barabarani. Dereva alinishusha kwenye daraja la magogo, akasema tope halipitiki, akageuza. Nikatembea.

Gwakisa alikuwa sebuleni. Amelala kwenye kochi, simu usoni, anatazama vipande vya mpira. Sauti iko juu. Hata hakuinua macho.

"Mke wako yuko wapi?"

"Chumbani. Amejifunika huko tangu mchana. Anasusa."

Nilimnyang'anya ile simu nikaitupa kwenye kochi la pili. Akainuka kuifuata, akaniona uso, akakaa.

Mlango wa chumba ulikuwa umerudishwa. Nikasukuma. Baridi ilinipokea miguuni, baridi ya shimo, siyo ya mvua. Dirisha lilikuwa na pazia. Aika alikuwa amekaa kitandani, amejiviringisha kanga kuanzia kichwani, uso hauonekani.

"Wifi," akanong'ona. "Usiongee kwa sauti. Yumo."

"Wapi?"

"Kona. Nyuma ya mlango."

Nilikuwa nimesimama na ule mlango mkononi. Sikugeuka. Sisemi uongo, shingo ilikataa.

"Anafanya nini?"

"Ameelekea ukutani. Amenipa mgongo." Alivuta pumzi. "Ananiheshimu. Tangu aingie hajageuka."

Nikajilazimisha. Nikaurudisha mlango, nikatazama. Niliona giza la kona na koti la Gwakisa kwenye msumari. Hakuna kingine. Lakini lile koti lilikuwa limebanwa, kama kuna mtu anayelisukuma kwa bega.

Aika akashika tumbo. Kanga ya chini ikalowa.

Basi nikawa muuguzi. Hasira ikanisaidia, Mungu anisamehe. Nilimfokea Gwakisa aende akatafute gari, akimbie, asithubutu kurudi bila gari, na akatoka bila viatu. Mlango wa chumba niliuacha wazi. Nikavaa glavu. Nikawasha tochi ya simu yangu nikaiegemeza kwenye mto, ielekee kwetu tu. Kona niliiacha gizani kwa makusudi. Sikutaka kujua.

"Toa kanga usoni, Aika. Upumue."

"Hapana."

"Utakosa hewa."

"Wifi, nikimtazama, mtoto hakai. Niache."

Nikamwacha. Nimezalisha wanawake wengi, sijawahi kumzalisha mmoja amefunikwa uso. Alisukuma amefunikwa. Aliuma kanga. Hakupiga kelele hata mara moja, na kila alipotulia niliisikia pumzi. Yangu naijua. Ya Aika ilikuwa fupifupi. Ya tatu ilikuwa ndefu, ya mzee, na ilitoka nyuma yangu.

Niliomba kwa sauti. Nilimwomba Mungu, halafu nikamwomba baba. Nilimwambia baba, kama una hasira, hasira hiyo si ya huyu binti. Ni ya mwanao. Mtafute mwanao. Nilisema hivyo na nilimaanisha.

Mtoto akatoka. Wa kiume. Wa bluu, kimya.

Nikamsugua mgongo. Kimya. Nikamsafisha pua na mdomo, nikampulizia. Kimya. Aika alikuwa ananyoosha mikono tupu chini ya kanga, anauliza kwa kunong'ona, "Yuko? Yuko?" Nikasugua tena, kwa nguvu, mpaka nikaogopa nitamvunja.

Akalia. Sauti nyembamba, halafu nene, halafu ya kujaza nyumba. Nikalia naye. Nikamfunga kwa kanga kavu, nikamlaza kitandani upande wa ukuta, karibu na bega la mama yake, nikarudi kwenye kazi iliyobaki. Kondo la nyuma lilitoka zima. Damu ilikuwa ya kawaida. Nikamwambia Aika, mtoto yupo, amekaa, mzima kabisa. Alicheka na kulia kwa pamoja, lakini kanga hakuitoa.

Nikaenda jikoni kuosha mikono. Debe la unga lilikuwa linawaka mwanga kwenye mfuniko. Nikalifungua, nikaitoa simu, nikaipangusa. Saa moja kwa siku haikuwepo tena. Kila kitu kilikuwa wazi, na mahali pa jina la msimamizi hapakuwa na jina. Kumbe alikuwa amemaliza ulinzi.

Nilifurahi. Nawaambia ukweli, nilisimama pale jikoni na unga mikononi nikamshukuru marehemu. Nikajua amemwachia Aika.

Niliporudi chumbani baridi ilikuwa imehama. Mlangoni palikuwa na joto la kawaida. Kitandani, upande wa ukuta, pumzi yangu ilitoka moshi. Mtoto alikuwa amenyamaza. Macho yake yalikuwa wazi, yametulia, yanatazama juu kidogo tu ya kichwa chake. Watoto wa dakika kumi hawatazami hivyo.

Aika alizungumza chini ya kanga, taratibu sana.

"Wifi. Amegeuka?"

Kwetu mkwe ndiye asiyetazamwa. Kati ya babu na mjukuu hakuna mwiko wowote. Babu anamwangalia mjukuu wake anavyotaka, kwa muda anaotaka.

Nikamchukua mtoto pale kitandani kwa haraka, nikamkumbatia kifuani. Alikuwa wa baridi upande mmoja tu. Nikamwinua Aika kwa mkono mwingine nikampeleka sebuleni, amejifunika vilevile. Gwakisa alikuwa ameingia na Hezron, jirani mwenye gari. Tope hadi magotini. Hezron akamsaidia Aika kuingia garini, nikampa mtoto wake, nikarudi ndani kuchukua begi. Gwakisa akanifuata hadi chumbani, tochi mkononi, akaimulika sakafu.

Nyayo. Miguu mitupu ya mtu mzima, udongo mwekundu wa kaburini, bado mbichi kwenye saruji. Zilitoka mlangoni hadi kona. Pale konani zilikuwa mbili tu, nzito, vidole vimegusa ukuta, maji yametuama ndani yake kwa kusimama muda mrefu. Mguu wa kushoto haukuwa na kidole kidogo. Baba alikikata kwa jembe kabla sisi hatujazaliwa.

Kutoka konani zilikuwa zimegeuka. Hatua nne hadi kitandani, upande aliolala mtoto.

Gwakisa alizitazama. Halafu akaniambia ni unyevu wa masika, na akaenda kuleta dekio.

"Usideki," nikamwambia. Sikupaza sauti. "Wewe ndiye uliyemweka mlinzi. Kwanza nionyeshe za kutoka."

Akazitafuta. Alimulika mlangoni, dirishani, akapiga magoti akamulika uvungu. Akaanza tena kona. Hezron alipiga honi mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na mdogo wangu alikuwa bado anatambaa pale chini na tochi yake, anatafuta.