Mkono Uliotoka kwenye Zege

Haya yalimpata rafiki yangu Karisa mwaka wa tisini na sita, walipokuwa wakijenga ghorofa huko Bondeni. Mchana mweupe, mwenzake Crispus alitia mkono ndani ya mashine ya kuchanganya zege ili abandue simiti iliyogandia. Injini ilikuwa imezimwa, lakini ghafla ikanguruma. Vyuma vya ndani vikamkamata, vikamvunja mifupa, vikamkata mkono kifundoni. Damu iliwarukia watu machoni.

Crispus alipokwisha kukimbizwa hospitali, mnyapara akamgeukia Karisa. "Ndugu yangu, utafute ule mkono uwapelekee madaktari. Wakiupata upesi huenda wakaushona."

Karisa akajiingiza ndani ya pipa la mashine hadi kiunoni. Humo mlikuwa na giza totoro, na chuma kikilia polepole, kii, kii, huku yeye akipapasa ndani ya zege. Akagusa vidole. Akauvuta mkono, akaufunga ndani ya mfuko wa simiti bila kutazama, akatoka mbio.

Hospitalini, muuguzi mmoja, Beryl, aliuosha mkono ule kwenye beseni, kisha akamgeukia Karisa.

"Kaka, huko kazini kuna mwingine aliyeumia?"

"Hakuna, dada. Ni Crispus peke yake."

"Crispus amekatwa mkono wa kulia."

Akaugeuza taratibu chini ya taa ili Karisa auone. Ulikuwa wa kushoto, ungali na joto, na vidole vyake vilikuwa vikijikunja.