Sauti ya Mama Ilizikwa Mara ya Pili

Nina miaka thelathini na miwili, mzaliwa wa Bombo huko milimani, fundi wa kompyuta hapa Same mjini.

Mama alipougua saratani, nilimrekodi akisimulia maisha yake kwa Chasu, lugha yetu ya nyumbani. Nikatengeneza programu ya kutunza sauti za wazee na maneno ya lugha yetu. Niliitoa huria, yeyote aichukue na kuirekebisha bure. Sauti ya mama, faili moja refu nililoliita “Mama”, ilibaki kwangu, ilikuwa ya familia.

Shida ilikuwa moja: programu ilikubali kompyuta za mfumo wa Linux tu. Huku kwetu wengi wanatumia Windows. Mchumba wangu, Elibariki, akajitolea kuifanya ikubali kote. Nilimpenda, na kazi aliijua. Ningeachaje kumwamini?

Mama akafariki. Baada ya matanga, Elibariki akasema iko tayari.

Nikamuuliza, "Umeijaribu kwenye Windows yenyewe?"

"Nimeijaribu, mpenzi. Kila kitu kipo."

Akahamishia sauti zote kwenye kompyuta mpya ya Windows. Ile yangu ya zamani, ya Linux, akaifuta, akaondoka nayo Arusha, eti kikazi.

Jumapili nikapanda Bombo. Baba na ndugu walijaa sebuleni kumsikia mama. Nikabofya jina lake... ikatoka sauti ya mwalimu mmoja aliyenirekodia maneno, akitamka neno “mama”. Basi!

Kwenye Linux, “Mama” kwa herufi kubwa na “mama” kwa herufi ndogo ni mafaili mawili. Windows iliyahesabu kuwa moja, la mwalimu likamfuta mama yangu. Angeijaribu hata mara moja angeona kosa hilo!

Nilimpigia Elibariki. Akakiri hakuwahi kuifungua kwenye Windows. Kompyuta yangu je? Alishampa mwanamke wake wa huko Arusha. Yule dada alinionea huruma, akaniruhusu niikague. Nilijaribu kila njia ninayoijua... diski ilikuwa imeshaandikwa vitu vipya juu ya vile vya zamani. Ufundi wangu wote haukunisaidia kitu.

Baba hakunigombeza. Aliniuliza tu taratibu, “Hata kicheko chake hakipo, mwanangu?”



Wasomaji wenzangu, nawasihi, msiridhike kuambiwa “nimeijaribu”, hata na mtu mnayelala mkimuota. Fungua mwenyewe, kwenye mashine itakayotumika, usikilize mpaka mwisho, ndipo umruhusu mtu kufuta. Wewe bado una cha kusikiliza... Mimi nimebaki na jina lake kwenye kioo cha kompyuta, nikilibofya anaongea mtu mwingine.