Miche ya Nyanya na Mgongo wa Dezső

Piroska alimpenda mume wake. Shida ilikuwa moja tu: mume huyo sasa alikuwa nyumbani kutwa nzima.

Kwa miaka mingi Dezső alikuwa kondakta wa treni. Aliondoka asubuhi, akarudi jioni, na ndoa yao ikaenda vizuri. Majani ya miti yalipoanza kupukutika, alistaafu. Wenzake walimpa keki, wakamwimbia. Kesho yake aliingia jikoni, akavuta kiti, akakaa.

"Unapika nini?"

"Supu ya maharage," alijibu Piroska.

"Mbona unakata kitunguu kabla ya karoti?"

Majira yote ya baridi yakapita hivyo. Dezső alipanga upya makopo ya viungo, na Piroska akatia sukari kwenye mchuzi wa kuku. Dezső alisimama nyuma yake na saa mkononi, akatangaza kwa sauti ya kazini kwamba viazi vimechelewa. Piroska alianza kwenda kanisani siku za kazi, si kwa ajili ya sala, bali kwa ajili ya kimya.

Mwezi wa tatu, Dezső alinunua mbegu za nyanya sokoni. Alizipanda kwenye vikopo vya mtindi, akaviweka madirishani. Mbegu ziliota, na Dezső akatoka jikoni! Alishinda dirishani akiigeuza miche na kuisifu kama wajukuu. Madirisha yalijaa, kisha meza, kisha bafu. Piroska alioga kwa ndoo na kupiga pasi kitandani, wala hakulalamika. Sasa alipika peke yake. Kila alipopita karibu na vile vikopo, alivinong'oneza, "Ishini, wapenzi wangu. Ishini."

Mwishoni mwa mwezi wa nne, jua lilitoka kali kama la kiangazi. Dezső alivaa buti.

"Leo wote mnatoka!" aliiambia miche.

Etelka, jirani yao, alikuwa ameegemea ua. Alikuwa amefanya kazi kwenye kitalu cha mji mpaka naye akastaafu.

"Jirani, unaipeleka wapi hiyo?"

"Bustanini. Huoni jua?"

"Kina Pongrác hawajapita."

Kila mtu Hungaria anawajua Pongrác, Szervác na Bonifác. Ni watakatifu wa barafu. Siku zao huangukia katikati ya mwezi wa tano, na mara nyingi baridi hurudi nazo.

"Hayo ni maneno ya mabibi," alisema Dezső.

"Na mimi ni bibi. Kwa hiyo nimeyasema mahali pake."

Dezső hakusikia la mtu. Alilima bustani nzima bila kupumzika, bila kofia, bila hata kunywa maji. Akapanda nusu ya miche juani. Saa kumi jioni, Piroska alisikia anaitwa.

"Piroska! Njoo!"

Miche ilikuwa imelala chini, majani yamekuwa meupe kama karatasi. Dezső naye alikuwa ameinama juu yake, pua karibu na udongo.

"Nimeiona, masikini," alisema Piroska. "Sasa inuka."

"Ningeweza kuinuka, ningekuita?"

Piroska na Etelka walimbeba kama meza. Benchi gumu lililofaa kwa mgongo lilikuwa jikoni, basi wakamlaza huko. Dezső alitazama dari, akapumua kwa huzuni.

"Basi. Mimi na nyanya tumeachana. Nitakaa hapa hapa, nikusaidie kupika."

 Piroska alimvuta Etelka mpaka kwenye korido.

"Shoga, niokoe. Atapona?"

"Nani? Mume au nyanya?"

"Nyanya! Mume nitamchua kwa dawa."

Etelka alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha alirudi jikoni, akakaa karibu na benchi.

"Mzee Dezső, sikiliza. Miche yako ilikulia ndani. Haikuwahi kuona upepo, wala jua lisilopita kwenye kioo. Ukiitoa ghafla, jua linaiunguza. Lazima uizoeshe."

"Kwa namna gani?"

"Siku ya kwanza, saa moja tu nje, kivulini, mahali pasipo na upepo. Siku ya pili, kwa muda wa saa mbili. Baadaye unaionjesha jua la asubuhi. Ongeza kidogo kidogo kwa wiki moja au zaidi. Usiiache ikauke. Na jioni unairudisha ndani, kwa sababu ya baridi ya usiku. Usiipande mpaka kina Pongrác wapite."

"Na ile iliyoungua?"

"Ile yenye ncha ya kijani bado iko hai. Piroska na mimi tutaitia vikoponi, tuiweke kivulini."

"Na mimi je?"

"Wewe ni mche uleule," alisema Etelka. "Umekaa kitini majira yote ya baridi, kisha leo umelima kama kijana wa jeshi. Mwili wako nao uzoeshe. Lima kipande kidogo, pumzika, badilisha kazi. Vaa kofia, kunywa maji. Ukiinua kitu, kunja magoti, usikunje mgongo. Na maumivu yakishuka mguuni, au mguu ukifa ganzi, nenda kwa daktari, usimngoje Piroska na dawa yake ya kuchua."

Mguu haukufa ganzi. Baada ya siku chache Dezső aliinuka. Kila asubuhi alitoa miche akiibeba michache michache. Aliiweka chini ya ukuta, akavaa kofia ya majani, akakaa nayo kivulini. Muda ulipokwisha, wote waliingia ndani.

Mtaa mzima ulicheka. Tarishi wa posta alisimamisha baiskeli.

"Dezső, siku hizi unatembeza nyanya? Zinauma?"

"Zinauma matarishi tu. Lete barua uende!"

Asubuhi ya siku ya Bonifác, jalidi, umande ulioganda, ilikuwa imefunika nyasi zote kwa weupe. Miche ilikuwa salama ndani ya bafu. Dezső alisimama mlangoni akaitazama bustani. Kisha akaenda kwenye ua alipokuwa Etelka, akavua kofia.

"Bi Etelka. Mabibi walisema kweli."

"Vaa kofia," alijibu Etelka. "Utapata mafua."

Baridi ilipopita, Dezső alipanda jioni, jua limepoa. Alifukia kila mche mpaka karibu na majani ya chini, akausimikia mti wa kuegemea, akaumwagilia maji kwenye shina. Alipanda mistari miwili tu kwa siku. Piroska alimtazama kutoka dirishani, akakoroga mchuzi wake kwa raha. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Nyanya zilikua. Zilikua sana. Kitu kimoja tu Piroska hakukifikiria mapema, nacho kilibisha hodi mwezi wa nane. Mtu aliusukuma mlango wa jikoni kwa goti kutoka nje, maana mikono yake ilikuwa imeshika beseni la nyanya. Alikuwa Dezső. Nyuma yake kulikuwa na beseni jingine, na ndoo, na toroli imejaa.

"Tunaziweka wapi?" aliuliza.

Piroska alitazama nyanya. Akamtazama mumewe, mwekundu wa jua, mgongo umenyooka, tumbo limepungua. Huyu hakuwa yule aliyekaa kitini na saa. Huyu alikuwa amechoka vizuri, na alikuwa na njaa.

Alimfungia aproni, akampa kisu.

"Kaa pale. Menya. Chupa zinangoja."

"Nianze na kubwa au na ndogo?"

"Anza na kunyamaza."

Dezső alimenya. Alimenya mpaka jua likageuka upande wa pili wa nyumba, na Piroska akachemsha, akajaza chupa, akafunga vifuniko. Mara moja tu Dezső alifungua kinywa, akaonja mchuzi wa nyanya kwenye kijiko alichopewa.

"Piroska," alisema, "hii haihitaji chochote."

Piroska alivuta kiti cha pili, akakaa mezani karibu naye, akachukua kisu chake.